Ngumi Tatu

Mitsue hapimi nyasi kwa macho tena.
Macho yalimdanganya mwaka ule
jani lilipoiva ukijani hadi likakaribia weusi,
likang'aa hata chini ya mawingu,
na mumewe akasema: Umeona?
Samadi haijawahi kumtupa mtu.

Alikuwa amemwaga matoroli yasiyohesabika.
Kila kilichotoka zizini kilirudi shambani,
na juu yake urea, gunia baada ya gunia,
kama mwenyeji anayemjazia mgeni sahani
bila kumuuliza kama ameshiba.
Udongo haukukataa. Udongo haujui kukataa.
Mvua za Juni zikalifunika jua wiki tatu,
nyasi zikanywa zisichoweza kukipika,
zikakificha chini, shinani,
palepale kisu cha mashine kilipopita.

Wa kwanza kuanguka aliitwa Fukuhana.
Daktari alivuta damu,
akainua sindano mbele ya taa:
rangi ya kahawa iliyolala.
Ryohei, miaka tisa, alilishika sikio la ng'ombe
mpaka likapoa.

Sasa mume yuko ukutani, nyuma ya moshi wa udi,
na Mitsue anaandika kwenye kalenda ya ushirika:
samadi, nusu ya ile ya zamani,
mwezi mzima kabla ya mbegu;
urea kiganja kwa kiganja, baada ya mkato wa kwanza,
visiki vikishaanza kutoa macho.
Nyasi ikifika kifuani ni chakula.
Ikitoa shuke ni kuni.
Haya yote anayajua,
na anajua kuwa tufani halisomi kalenda.

Redio imesema Alhamisi.
Leo Jumatatu, na mawingu ya siku sita
yameuatamia mlima Kirishima kama kuku.
Siku tatu tu za jua,
na jani lingeigeuza sumu kuwa shibe.
Siku tatu hizo hazipo.
Ryohei ameshawasha trekta.
"Mama, tukate! Zikilala tutavuna matope."

Anaingia shambani na kisu cha jikoni.
Anakata shina moja usawa wa kiatu,
analikamua juu ya karatasi ya kupimia:
waridi, kisha zambarau, kisha zambarau ya msiba.
Anapanda ngumi moja. Zambarau.
Ngumi ya pili. Waridi nzito.
Ngumi ya tatu: rangi ya ukucha wa mtoto mchanga.

Anarudi, anadai spana,
anapandisha kisu cha mashine mwenyewe,
magoti topeni.
"Robo ya mavuno inabaki chini," asema Ryohei.
"Unamwachia nani?"
"Aliyelishwa kupita kiasi.
Na aimalize yeye."

Walikata hadi giza, wakaanika kwa upepo tu,
Jumatano wakafunga marobota kwa nailoni nyeupe,
kila robota na uzi mwekundu:
lisiende kwa wenye mimba,
lichanganywe na mabua ya mpunga ya mwaka jana.
Shamba la bondeni hawakuliwahi.

Alhamisi ilikuja kama ilivyoahidi.
Iling'oa bati moja la zizi,
ikalilaza shamba la bondeni upande mmoja
kama nywele za mtu aliyetoka kuogelea.

Kisha, Jumamosi, jua.
Jumapili, jua. Jumatatu, jua la kejeli,
lisilo na haya wala wingu.

Jumanne Mitsue alimwona mwanawe bondeni,
amepiga magoti penye nyasi zilizolala,
mundu mkononi, karatasi mdomoni.
Hakumwita.
Jioni alipokwenda kuandika siku
alikuta kwenye mraba wa Jumanne
kipande cha karatasi kimebanwa kwa pini:
cheupe,
cheupe pe, mpaka ukingoni,
na chini yake, kwa mwandiko wa Ryohei,
usawa wa kiatu.